Nyumba ya Bibi, Kishikwambi na Madumu Matatu

Nikimwambia mtu hapa chuoni kwamba nyumbani ni Mtendeli, jibu huwa lile lile: "Kumbe kule kambini?" Mwenye kumbukumbu nzuri ataongeza Nduta na Nyarugusu, basi, habari za Kigoma ya juu zimeishia hapo. Siwalaumu. Jina letu limezoeleka redioni kwa ajili ya wakimbizi tu. Kambi ya Mtendeli ilikuwapo tangu miaka ya 1990, ikafungwa, ikafunguliwa tena Januari 2016 baada ya Warundi kujaa kupita kiasi Nyarugusu, kisha ikafungwa tena Desemba 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Wilaya yenyewe ni Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ingawa wazee bado wanasema "sisi wa Kibondo" na hakuna anayewabishia.

Lakini leo sitaki kuandika habari za kambi. Nataka kuandika habari za nyumba moja ndogo, na za kazi, na jinsi hivyo viwili vinavyogombania saa zile zile ishirini na nne.

Nyumba yenyewe ni ya bibi yangu, mzaa baba. Babu aliijenga kwa tofali za kuchoma alizofyatua mwenyewe: vyumba viwili, ukumbi mdogo, bati juu. Bati zimeanza kushika kutu kwenye misumari. Sakafu ya saruji ina ufa uliotoka mlangoni ukaenda mpaka chumba cha Bibi, na mlango wa mbele haufungi mpaka uuinue kidogo. Jiko liko nje, la miti na udongo, paa lake nusu nyasi nusu turubai kuukuu. Ukiingia kama mgeni utaona fujo. Ukikaa wiki utaona kwamba kila kitu kina sababu. Msumari nyuma ya mlango ni wa kanga ya kutokea. Majembe yako chini ya kitanda kwa sababu yakilala nje yanaota miguu. Mahindi ya mbegu yananing'inia jikoni juu ya mafiga ili moshi uyakinge na wadudu. Hakuna pambo hata moja mle ndani, na hakuna kitu cha ziada pia.

Bibi anaishi hapo. Mimi huishi hapo likizo. Kwa hiyo likizo zote, tangu nimalize kidato cha sita, ratiba yangu ya Mtendeli imekuwa ratiba ya nyumba: maji, kuni, moto, vyombo, kufua, na shamba kukiwa na mvua. Sikuwahi kuiita kazi. Niliita "kumsaidia Bibi".

Mwaka 2022 mambo yalibadilika, kwa sababu likizo ndefu iliangukia Sensa. Mnakumbuka ile ilivyokuwa. Nusu ya darasa letu iliomba ukarani. Mimi nikapata kwetu. Tukapigwa mafunzo karibu wiki tatu, tukakabidhiwa vishikwambi, na usiku wa kuamkia Agosti 23 kazi ikaanza. Watu kwanza, majengo baadaye. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na ratiba ya mtu mzima: saa kumi na moja alfajiri niko macho, saa moja na nusu niko njiani, saa moja usiku ndiyo narudi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Agosti kwetu ni kiangazi. Mchana jua kali, usiku baridi ya milimani inayokulazimisha kulala na sweta. Nikirudi, bado kuna kuchaji kishikwambi, kupanga kaya za kesho, kupokea simu ya msimamizi. Nilikuwa bize kweli, siyo ule ubize wetu wa kusema "niko bize" huku mtu amelala na simu kifuani.

Sasa swali la kawaida kabisa: nilipokuwa bize hivyo, ile ratiba ya nyumba ilikwenda wapi?

Haikwenda popote. Nyumba haijui kwamba umepata posho. Nyumba ya Bibi inataka madumu matatu ya lita ishirini kwa siku, tukibana. Lita sitini kwa watu wawili, kupika, kunywa, kuosha, kuoga. Kisima cha pampu ya mkono hakiko mbali sana, lakini Agosti kina foleni, na dumu la lita ishirini ni kilo ishirini kichwani. Kwenda, kusubiri na kurudi ni kama dakika arobaini. Mara tatu, saa mbili. Siku za likizo ya kawaida hizo saa mbili zilikuwa zangu. Siku za Sensa nilikuwa narudi usiku nakuta pipa limejaa.

Siku ya pili nikauliza, "Bibi, nani ameleta maji?"

"Maji yamekuja."

"Yamekuja na miguu?"

"Kula kwanza, mjukuu wangu. Ugali unapoa."

Bibi ana zaidi ya miaka sabini. Magoti yake yanalia akiinama kuchochea moto. Nikala ule ugali wa muhogo na maharage ya mawese, nikijua kabisa maji yaliyousonga yalipitia kwenye magoti gani.

Nilikuwa na mwenzangu, karani wa eneo la jirani, kijana wa kiume, tumesoma wote sekondari. Jioni tulikuwa tunaongozana njiani. Tulilipwa sawa, tulitembea sawa, vishikwambi vilikuwa vya aina moja. Alinishangaa kwa nini natembea haraka hivyo kurudi. Nikamwambia, nawahi angalau nioshe vyombo, Bibi asiviguse. Akacheka: "Mimi nikifika nakuta maji ya kuoga yako bafuni." Ana dada wawili nyumbani. Hakusema kwa majivuno, alisema kama mtu anavyosema jua hutoka mashariki. Lakini nilipotafakari nikaona tofauti yetu ni ndogo kuliko nilivyodhani. Yeye alibebwa na dada zake, mimi nilibebwa na Bibi. Hakuna kati yetu aliyekuwa anaifanya ile kazi peke yake. Kwenye karatasi ya malipo kulikuwa na jina moja moja tu.

Karani wa Sensa anakula kiapo cha kutunza siri, na mimi nakiheshimu, kwa hiyo ya kaya yoyote sitayasema hapa. Ninachoweza kusema ni kile ambacho kila aliyefanya kazi ile anakijua. Dodoso linauliza nyumba imeezekwa kwa nini, kuta ni za nini, maji ya kunywa yanatoka wapi, mnapikia nini, taa ni ya nini. Maswali ya maana sana. Unapoyauliza mchana kutwa unaanza kuiona nchi nzima kama nyumba moja kubwa yenye mafiga. Lakini nilikuwa naona kitu: chanzo cha maji kinaandikwa, anayeyabeba haandikwi. Kuni zinaandikwa, mgongo hauandikwi. Na neno nililolisikia mara nyingi kuliko yote, njiani, kisimani, dukani, kwa akina mama wa kila umri, ni hili: "Mimi sina kazi, nipo tu nyumbani." Mtu anakuambia hana kazi huku amebeba dumu kichwani na mtoto mgongoni.

Kwa sisi tunaosoma uchumi, hili lina historia yake darasani, ingawa linapitishwa haraka haraka. Mwaka 1988 Marilyn Waring, mwanamama wa New Zealand aliyewahi kuwa mbunge huko, alitoa kitabu kizima kulalamikia jinsi pato la taifa linavyowaacha nje wanawake wanaofanya kazi bila malipo. Mfumo wa Hesabu za Taifa wa Umoja wa Mataifa ulipopitiwa upya mwaka 1993, kuchota maji na kuokota kuni kwa matumizi ya nyumbani kulitambuliwa kuwa uzalishaji. Lakini kupika, kufua, kufagia, kulea na kuuguza watu wa nyumba yako mwenyewe kuliachwa nje, na mpaka leo kuko nje. Hebu iweke Mtendeli hiyo. Bibi akiwa njiani na dumu kichwani, yumo kwenye uchumi wa dunia. Akilifikisha jikoni na kulimimina kwenye sufuria, ametoka. Unga ule ule ukisongwa na mama ntilie pale stendi ya Kakonko ni pato la taifa. Ukisongwa na Bibi ni mapenzi.

Nikachukua daftari. Sensa ilipokwisha na nikawa na siku chache kabla ya kurudi chuo, niliandika kazi za ile nyumba kwa wiki moja, kila kitu na saa yake. Maji, saa mbili kwa siku, saa 14 kwa wiki. Kuwasha moto na kupika kwa kuni, saa mbili na nusu kwa siku, saa 17 na nusu. Kutafuta kuni mara mbili kwa wiki, saa tatu kila safari, saa 6. Kufagia, vyombo na kufua, kwa wastani saa moja kwa siku, saa 7. Jumla saa 44 na nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa asipangiwe zaidi ya saa 45 za kawaida kwa wiki. Nyumba ya watu wawili, vyumba viwili, haina mtoto, haina mgonjwa, na shamba sijaligusa, inakula ajira nzima ya mtu mmoja. Kasoro nusu saa. Na sheria hiyo hiyo inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28. Bibi hajawahi kwenda likizo kutoka kwenye mafiga.

Posho ilipoingia, nikafanya kile ambacho niliona ni haki. Nikatenga fungu, nikaenda nalo jikoni asubuhi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii ni ya kwako. Ya maji."

Akaitazama ile pesa bila kuigusa. "Maji gani?"

"Uliyobeba wakati mimi niko kazini."

Alinyamaza, akasukuma kuni ndani ya mafiga. "Mjukuu halipi bibi yake. Unataka watu waseme nimekuwa kibarua nyumbani kwangu mwenyewe?"

Hapo ndipo masomo yangu yote yalipofika ukingoni. Mimi nilikuwa nataka kuitambua kazi yake kwa njia ninayoijua, yaani bei. Yeye bei aliisikia kama kushushwa. Kibarua ni mtu wa nje unayemlipa jioni na kesho humjui. Nikasema basi, tutafute kijana mwenye baiskeli awe analeta madumu kila siku, nitalipa mimi kutoka kwenye bumu. Vijana hao wapo, baiskeli moja inabeba madumu manne na inapanda kilima. Bibi akanijibu kama mhasibu: pesa ya kila siku ina siku yake ya mwisho, maji ya kila siku hayana.

Kisha akatazama juu. "Babu yako alisema ataweka mfereji."

Nami nikatazama juu. Bati. Miaka yote ile tumelala chini ya bati, mvua inapiga mpaka hamsikilizani, maji yanamwagika pembeni yanachimba msingi wa nyumba, asubuhi tunachukua ndoo kwenda kisimani.

Hesabu yake ni rahisi, na nawaomba mliotoka vijijini mwijaribu kwenye paa la kwenu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la Bibi ni mita saba kwa tano, yaani mita 35 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 700. Toa zinazoruka nje na zinazoosha vumbi la bati, tuseme moja ya tano, unabaki na lita 560. Kwa lita 60 kwa siku, hizo ni siku tisa. Siku tisa ni saa 18 za kichwa cha Bibi. Kwa mvua moja.

Zaidi ya nusu ya posho yangu ya Sensa iliishia pale. Fundi alileta mifereji ya bati, tukanunua tangi la plastiki la lita 1,000, tukalijengea kitako cha tofali zilizobaki nyuma ya jiko. Nilikuwa na mipango mingine na ile hela, sitawadanganya. Laptopu niliyokuwa nimeichagua mpaka rangi bado iko dukani Kariakoo, na mimi bado naazima. Mvua za kwanza zilipoanza nilikuwa nimesharudi chuo. Bibi alipiga simu kwa simu ya jirani kuniambia tu, "Limejaa," akakata.

Msidhani hadithi imeishia hapo na wote tukaishi raha mstarehe. Kwanza, tangi ni la masika. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi ni kavu, na foleni ya kisima iko pale pale. Pili, maji ya kunywa bado anachota kwenye pampu, anachemsha. Tatu, na hili ndilo lililotugombanisha kidogo, tangi halikukaa siku tisa. Lilikaa tano. Majirani wanakuja na ndoo zao, na Bibi anafungua bomba.

Nilimwambia kwenye simu, "Bibi, hilo tangi nimelinunua upumzike wewe."

"Nimepumzika," akasema. "Na mama fulani naye amepumzika. Maji ya mvua yana mwenyewe?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kwa hesabu zangu, kila ndoo inayotoka ni dakika za Bibi zinazorudi njiani. Kwa hesabu zake, yule mama aliyemletea kuni alipougua malaria alikuwa anadai, na deni limelipwa. Nyumba yake haina mipaka pale nilipochora mimi. Nilipoandika saa 44 na nusu, sikuandika saa alizosaidiwa na saa alizosaidia, kwa sababu sikujua nizitie safu gani. Labda ndiyo sababu aliikataa pesa yangu na akakubali mfereji: pesa ingekuwa yake peke yake, mfereji unaweza kumnyweshea na jirani.

Nimerudi Mlimani na jicho ambalo halifumbi vizuri. Matokeo ya Sensa yalitangazwa Oktoba 31, 2022: tuko watu 61,741,120, na mkoa wetu wa Kigoma 2,470,967. Nilijivuna, maana kuna wachache humo niliowaingiza kwa kidole changu. Lakini asubuhi ile ile niliamka mapema kuliko kawaida, nikawakuta akina mama wanaodeki korido za hosteli yetu. Saa kumi na mbili hawajamaliza. Sisi huwa tunaamka tunakuta pamekauka, tunapita na taulo mabegani. Korido imekuja yenyewe, kama maji ya Bibi. Tunalalamika kwamba bumu halitoshi, na ni kweli halitoshi, lakini hapa chuoni tumepewa kitu kingine ambacho hatujawahi kukitia kwenye mahesabu: saa. Bomba liko ukutani, chakula kiko kafeteria, gesi ya rumeti iko chini ya kitanda japo ni marufuku. Mtu anayebukua mpaka usiku wa manane wakati wa UE anabukua ndani ya saa ambazo mtu mwingine amezibeba.

Mwakani tunamaliza. Mama yangu angependa nirudi Kakonko, hata ajira ikiwa ya kujitolea. Wengine wananiambia nibaki Dar. Mimi swali langu limekuwa moja, na linawasumbua wanaonishauri: hiyo kazi nikiipata, nani atachota maji? Kama jibu ni Bibi, sijapata kazi mimi, tumepata wawili na mshahara mmoja. Kama jibu ni mimi, baada ya saa tisa za ofisini, basi waajiri wa kike na wa kiume hawatupati tukiwa sawa, hata kama barua za ajira zinafanana neno kwa neno. Na kaka zangu mnaosoma hapa, mnaotuambia usawa umeshafika kwa sababu darasani tuko nusu kwa nusu, naomba mnijibu bila hasira: ukiwa fildi, nguo zako anafua nani?

Kwa wanaokwenda fildi Julai hii, hasa mnaopangiwa mikoa ya mbali na mnakopangisha vyumba vijijini, nina ombi la vitendo. Kabla hujagawa hela ya fildi kwenye nauli, kodi na vocha, uliza kisima kiko wapi na foleni yake ni ya dakika ngapi. Andika hizo saa kwenye bajeti kama unavyoandika shilingi. Ukipokewa na familia, usisubiri kuambiwa, shika dumu mapema, maana mwenyeji hatakuambia amechoka. Na ukitaka kujua ukweli wa nyumbani kwenu, chukua daftari wiki moja, andika kila kazi, nani ameifanya na kwa muda gani. Msome pamoja jioni, kila mtu akiwepo. Mimi nilimsomea Bibi daftari langu usiku wa mwisho kabla ya safari. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema nimesahau kuandika kuku.